Mfalme aliyepotewa na nuru ya macho, kisha na kumbukumbu

Msomaji wangu, kama nyumbani kwako yupo mzee ambaye siku hizi anakuita kwa jina la mdogo wako, anatia chumvi kwenye chai akidhani ni sukari, au anakaa kimya barazani wakati zamani ndiye aliyekuwa akiongoza mazungumzo, safu ya leo ni yako. Huenda umeshasema, kama wengi wetu tunavyosema, kwamba huo ni uzee tu. Kabla hujafika huko, nipe dakika chache nikusimulie maisha ya mtu mmoja aliyekuwa na kila kitu ambacho fedha na cheo vinaweza kuleta, lakini akamaliza siku zake bila kuona, bila kusikia vizuri, na bila kujua kwamba mke wake amefariki.

Mtu huyo ni George wa Tatu, mfalme wa Uingereza.

Alizaliwa London tarehe 4 Juni 1738. Baba yake alifariki mwaka 1751, mtoto akiwa na miaka 12. Babu yake, Mfalme George wa Pili, alipofariki Oktoba 1760, kijana huyo wa miaka 22 akarithi kiti. Mwaka uliofuata alimuoa Charlotte, binti wa ukoo wa kifalme kutoka Ujerumani, ambaye alimwona kwa mara ya kwanza siku ileile ya harusi. Ndoa iliyoanza hivyo ilidumu miaka 57 na ikajaliwa watoto 15.

Katika vitabu vya historia utamkuta kama mfalme aliyepoteza makoloni ya Amerika. Leo nataka umtazame kwa upande mwingine, kwa sababu George alikuwa mtu wa kutumia macho. Alikusanya vitabu vipatavyo 65,000. Alipenda kilimo hadi watu wakamtania kwa jina la mkulima. Mwaka 1769, sayari ya Zuhura ilipopita mbele ya jua, aliifuatilia mwenyewe kwa darubini huko Kew, katika jengo lililojengwa kwa ajili ya siku hiyo. William Herschel alipogundua sayari ya Uranus mwaka 1781, mfalme alimpa posho ya kila mwaka, kisha akagharamia darubini yake kubwa yenye urefu wa futi 40. Barua zake aliandika kwa mkono wake, na juu ya kila barua aliweka tarehe, saa na hata dakika. Huyo ndiye mtu tunayemzungumzia: makini, mwenye kumbukumbu kali, anayependa kuona mambo kwa macho yake.

Ugonjwa wa akili ulimpata kwanza mwaka 1788, akiwa na miaka 50. Alizungumza bila kukoma kwa saa nyingi, hakulala, akachanganyikiwa. Madaktari wa wakati ule walimfunga kwa vazi la kumzuia mikono na kumpaka dawa za kumtoa malengelenge kwenye ngozi. Mapema mwaka 1789 alipona, na watu wakashangilia barabarani. Hali hiyo ilimrudia mwaka 1801 na tena 1804, na mara zote mbili alipata nafuu.

Hapa nikuombe uwe makini. Ugonjwa unaokuja na kuondoka namna hii, mtu akirudi katika akili zake na kuendelea na kazi, si ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni, yaani dimensia. Katika miaka ya 1960 watafiti wawili, mama na mwanawe, walidai kwamba mfalme alikuwa na porfiria, ugonjwa wa kurithi unaovuruga kemikali za damu. Baadaye wataalamu wengi walilitilia shaka dai hilo na kuona dalili zake zinafanana zaidi na ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia. Hakuna anayeweza kumpima leo. Tunachoweza kufanya ni kufuatilia kilichoandikwa kuhusu miaka yake ya mwisho, kwa sababu huko ndiko yanakotokea mambo yanayotuhusu wewe na mimi.

Alipokaribia miaka 67, macho yalianza kumtupa. Mwaka 1805 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mfalme aliyekuwa akiandika kila kitu mwenyewe alilazimika kuajiri katibu wa kumsomea na kumwandikia, Herbert Taylor, ambaye anahesabiwa kuwa katibu binafsi wa kwanza wa mfalme wa nchi hiyo. Oktoba 1809, nchi ilipoingia katika sherehe za mwaka wa 50 wa utawala wake, mwenyewe alikuwa karibu kipofu.

Ugonjwa uliokuwa ukimziba macho ni ule tunaouita mtoto wa jicho. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni nyeusi, kuna lenzi iliyo angavu kama kioo kisafi. Umri unapokwenda, lenzi hiyo hupoteza uangavu na kuwa na ukungu. Mgonjwa haumwi. Anaona kama anatazama kupitia dirisha lenye vumbi, mwanga wa jua au taa za magari unamuumiza, rangi zinafifia, na miwani mipya kila baada ya muda mfupi haimsaidii tena.

Utauliza, mbona hakufanyiwa upasuaji, naye ni mfalme? Upasuaji ulikuwapo. Daktari Mfaransa Jacques Daviel alikwishaonyesha katikati ya karne ya 18 jinsi ya kuitoa lenzi iliyoharibika. Lakini hapakuwa na dawa ya ganzi, hapakuwa na usafi wa vyombo tunaoujua leo, na hapakuwa na lenzi ya bandia ya kuweka mahali pa ile iliyotolewa. Wengi walitumia njia ya zamani zaidi: sindano inaingizwa jichoni na lenzi inasukumwa nyuma. Mwanamuziki Bach alifanyiwa upasuaji wa macho mwaka 1750 na akafariki mwaka huohuo. Handel, mtunzi ambaye Mfalme George alimpenda kuliko wote, naye alipasuliwa na bado akamaliza maisha yake akiwa kipofu. Kwa mtu wa zama zile, kuogopa kisu hakukuwa ujinga.

Kisha ukaja mwaka 1810. Binti yake mdogo, Amelia, aliyempenda mno, aliugua na kufariki mwezi Novemba. Mfalme alikuwa tayari ameanza kuchanganyikiwa tena, na safari hii hakurudi. Februari 1811 mwanawe mkubwa alikabidhiwa madaraka ya utawala, na mzee akabaki katika vyumba vyake kwenye ngome ya Windsor akiwa na miaka 72. Aliishi humo miaka tisa zaidi.

Mtazame katika miaka hiyo. Ndevu nyeupe zimerefuka. Amevaa joho la nyumbani, anatembea kutoka chumba hadi chumba. Anakaa kwenye kinanda na kupiga nyimbo anazozikumbuka, hata masikio nayo yalipokuwa yakiziba. Anazungumza na watu waliokwishafariki kana kwamba wako mbele yake. Mwaka 1815 Napoleon alishindwa huko Waterloo, habari ambayo mfalme yeyote wa Uingereza angeifurahia, lakini yeye hakuielewa. Novemba 1818 Malkia Charlotte, mama wa watoto wake 15, alifariki. Mzee hakujua. Mwezi Mei 1819 alizaliwa mjukuu aliyekuja kuwa Malkia Victoria, naye hakumtambua. Krismasi ya mwaka huohuo inasimuliwa kwamba alizungumza maneno yasiyo na mpangilio kwa saa 58. Tarehe 29 Januari 1820 akafariki akiwa na miaka 81.

Sasa, msomaji, tusiseme upofu ndio uliompa mfalme huyu dimensia. Hilo hatuwezi kulithibitisha, na historia yake ya ugonjwa wa akili inafanya jambo liwe gumu zaidi. Lakini mpangilio wa mambo yaliyompata, macho, kisha upweke, kisha masikio, na kumbukumbu kutoweka katikati ya hayo yote, ndio ambao watafiti wa leo wanauchunguza kwa karibu.

Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia watu 12,364 nchini Uingereza, wenye umri wa miaka 55 hadi 73. Waliokuwa na mtoto wa jicho walikuwa na uwezekano wa kupata dimensia uliozidi wa wenzao kwa asilimia 11. Waliokuwa na uchakavu wa makula, yaani ile sehemu ya katikati ya retina inayotuwezesha kusoma na kutambua sura, uwezekano ulizidi kwa asilimia 26. Na waliokuwa na madhara ya kisukari machoni, ulizidi kwa asilimia 61. Usitishike na namba hizo. Asilimia 26 zaidi haimaanishi kwamba wagonjwa 26 katika kila 100 watapoteza kumbukumbu. Maana yake ni kwamba hatari aliyonayo kila mtu wa umri huo imeongezeka kwa zaidi kidogo ya robo. Wengi wenye magonjwa hayo ya macho hawatapata dimensia kabisa.

Kwa nini macho na ubongo vihusiane? Zipo sababu kadhaa zinazotajwa, na huenda zote zinachangia.

Ya kwanza, jicho ni sehemu ya ubongo iliyochungulia nje. Retina imetengenezwa kwa chembe za fahamu, na mshipa wa fahamu wa jicho unakwenda moja kwa moja ubongoni. Kinachoharibu mishipa midogo ya damu ya jicho, kama kisukari, presha ya juu na sigara, huharibu pia mishipa midogo ya ubongo.

Ya pili, ubongo unahitaji kazi. Sehemu kubwa ya habari unazozipokea kila siku huingia kwa macho. Zikikatika, ubongo unakaa kama shamba lisilolimwa.

Ya tatu, ubongo wa mtu asiyeona vizuri unatumia nguvu nyingi kubahatisha: huyu ni nani, hii ni ngazi au kivuli? Nguvu hizo zinapungua kwenye kukumbuka.

Ya nne ni upweke. Mzee asiyeona haendi msikitini au kanisani, haendi harusini, hasomi gazeti, hapigi tena soga na jirani kwa kuogopa kujikwaa. Anakaa. Huzuni inamwingia. Upweke na huzuni peke yake vinatosha kudhoofisha akili.

Ndiyo maana jopo la wataalamu la jarida la Lancet, lilipochapisha ripoti yake mwaka 2024, liliongeza upungufu wa kuona usiotibiwa katika orodha ya vihatarishi 14 vya dimensia ambavyo vinaweza kurekebishwa. Upungufu wa kusikia ulikuwa tayari kwenye orodha hiyo. Kwa pamoja, vihatarishi hivyo vinahusishwa na karibu nusu ya wagonjwa wote wa dimensia duniani.

Habari njema ni hii. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia zaidi ya watu 3,000 wa eneo la Seattle, Marekani, wenye umri wa miaka 65 na kuendelea. Waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata dimensia kwa karibu asilimia 30 wakilinganishwa na wasiofanyiwa. Waliofanyiwa upasuaji wa presha ya jicho, yaani glakoma, hawakuonyesha tofauti hiyo, na inaeleweka: upasuaji wa glakoma huzuia uharibifu usiendelee lakini haurudishi nuru iliyopotea, wakati upasuaji wa mtoto wa jicho unairudisha. Huenda pia wanaokwenda kufanyiwa upasuaji ni wale wenye afya nzuri kidogo tangu mwanzo, kwa hiyo sikuahidi kwamba upasuaji ni kinga ya dimensia. Hata hivyo, mzee akirudishiwa macho, faida ya kuona peke yake inatosha.

Na upasuaji wa leo si ule wa enzi za Bach na Handel. Mwaka 1949 daktari Harold Ridley wa London aliweka lenzi ya bandia ndani ya jicho la mgonjwa kwa mara ya kwanza. Alikuwa amegundua kwamba vipande vya plastiki vya vioo vya ndege vilivyoingia machoni mwa marubani wakati wa vita havikuliudhi jicho. Leo mgonjwa anatiwa ganzi ya jicho tu, kazi inamalizika kwa muda mfupi, na wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake.

Basi ufanye nini?

Kwanza, mzee akianza kusahau au kuchanganya watu, mpeleke apimwe macho na masikio pamoja na kumbukumbu. Vipimo vingi vya kumbukumbu vinamtaka mgonjwa asome, achore au atambue picha. Asiyeona atashindwa hata kama akili yake ni timamu. Ukimwambia daktari mapema kwamba mzee haoni vizuri, unamwepusha na kubandikwa ugonjwa asio nao.

Pili, mzee mwenye upungufu wa kuona akikwambia anaona watoto wamesimama uani au maua ukutani, usikimbilie kusema amerogwa au amekuwa kichaa. Mwaka 1760, mwaka uleule George alipokuwa mfalme, Charles Bonnet wa Geneva alieleza habari za babu yake aliyekuwa na shida ya macho na kuona watu na ndege wasiokuwapo, huku akijua vizuri kwamba si kweli. Ubongo unapokosa picha hujitengenezea zake. Mtu akijua kwamba anachokiona hakipo, mara nyingi shida iko machoni. Akiamini kipo, na tabia yake imebadilika, hilo linahitaji uchunguzi zaidi. Vyovyote iwavyo, mpeleke kwa daktari. Vikongwe wetu wameteseka vya kutosha kwa kudhaniwa wachawi.

Tatu, kama una kisukari, pimwa macho kila mwaka hata kama unaona vizuri. Kama baba au mama yako alikuwa na glakoma, pimwa presha ya jicho, kwa sababu ugonjwa huo huiba nuru polepole kuanzia pembeni na mwenyewe hajui hadi imebaki kidogo. Ukiona mstari wa mlango au wa vigae umepinda wakati umenyooka, usisubiri, huenda ni makula.

Nne, usitie jichoni mkojo, maji ya sukari, maziwa ya mama wala dawa za mitishamba. Wala usijinunulie matone ya macho dukani bila kuandikiwa. Baadhi yana steroidi, na yakitumika muda mrefu yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta huyohuyo mtoto wa jicho.

Tano, kuna hali mbili zisizongoja kesho. Mzee aliyekuwa timamu juzi na leo amechanganyikiwa ghafla anaweza kuwa na maambukizi, malaria, sukari iliyoshuka au kiharusi. Na jicho lililopoteza nuru ghafla ni dharura. Kimbia hospitali.

Sita, wewe mwenye mtoto mchanga, mtoto wa jicho hawapati wazee peke yao. Ukiona mboni ya mwanao inang'aa nyeupe badala ya kuwa nyeusi, hata kwenye picha ya simu, mpeleke siku hiyohiyo. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni saratani, na yote mawili yanahitaji kuwahiwa.

Na kama macho hayawezi kurudi, usimwache mzee kama yule wa Windsor. Mwashie taa ya kutosha. Usihamishe vitu alivyozoea. Ukiingia taja jina lako kabla hujamgusa. Msomee gazeti, mwekee redio, mshike mkono umpeleke kwenye shughuli za watu. Presha na sukari zake zisimamiwe, na sigara aiache.

Mfalme George alikuwa na madaktari wa ikulu, watumishi na ngome nzima. Hakuwa na lenzi ya plastiki ambayo leo mkulima wa kijijini anaweza kuwekewa katika kambi ya macho. Kitu ambacho mfalme alikikosa, mama yako anaweza kukipata. Kinachobaki ni wewe kumtoa pale barazani na kumpeleka, kabla hajasahau jina lako kwa kweli.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.